Mpiga Picha wa Ng'ambo ya Korongo

Wewe umewahi kuona bibi harusi anapigwa picha na mtu aliyesimama ng'ambo ya korongo, kwenye kihamba kingine kabisa, katikati ya kahawa zake mwenyewe? Hujawahi. Basi sogeza hicho kigoda ukae, chai inakuja. Mimi nimeona. Harusi yenyewe ilikuwa ya kitinda mimba wangu, na mpiga picha alikuwa jirani yangu wa miaka yote.

Jina lake sikutajii, kwa sababu hapa Nkoaranga hakuna aliyelitumia. Mpiga Picha, basi. Mchungaji akitangaza wazee wa kanisa wa zamu, anataja majina ya wengine wote halafu anamalizia, "na Mpiga Picha." Mke wake mwenyewe, enzi za uhai wake, alikuwa akimwita hivyo hivyo kwenda kula, anaita kwa sauti, na sisi huku ng'ambo tunajua kwao leo chakula kimewahi.

Kati ya kihamba chake na changu, haya mashamba yetu ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba, kuna korongo tu. Kwa macho ni hapo, unaona hata amevaa shati gani. Kwa miguu unashuka, unavuka kijito, unapanda, halafu unatafuta mahali pa kukaa upumue kabla hujabisha hodi. Tulikuwa majirani wa kuonana sana na kushikana mikono mara chache.

Tumemzika mwaka juzi. Nakwambia mapema usije ukakaa unasubiri nimuite.

Na shida yangu na yeye nikwambie pia, maana ndiyo habari yenyewe. Kwetu huku mtu ukishazeeka unajitafutia picha. Si ya kuning'iniza ukutani. Ni ile inayobebwa mbele ya jeneza, na hiyo hiyo inachapwa kwenye karatasi za ibada, watu wanakwenda nazo nyumbani. Usipoiandaa mwenyewe, watoto wanachukua ya kitambulisho wanaikuza, unazikwa na sura ya mtu aliyekatazwa kucheka. Mimi nilitaka picha yangu aipige Mpiga Picha, si mwingine. Nilimwomba meno yangu yakiwa yote. Nikaendelea kumwomba meno yakipungua. Jibu lilikuwa lile lile, kwa upole kabisa: "Mama Elia, lenzi yako kwa sasa sina."

Na zamani alikuwa nayo. Alikuwa na studio pale Maji ya Chai, chumba kimoja barabarani, ndani pazia limechorwa maporomoko ya maji na ndege ya abiria inapita juu yake. Ukienda kupigwa picha ya kipaimara cha mtoto, anawapanga kama matofali. Usitikisike. Usipumue. Wewe mama, shusha bega. Watoto walikuwa wanalia kabla hajashika kamera. Mtaa mzima una picha zake, na kwenye picha zake zote tumekaa kama tunasubiri kusomewa hukumu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kupenda ndege. Sisemi kuku. Ndege wa angani, tena wakiwa wanaruka. Ndege akitua kwenye tawi hamtaki tena, anashusha kamera, anakaa anasubiri aondoke. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia ametumia ujana wake wote kuwaambia watu wasimame, wakasimama, na sasa anataka mmoja tu ambaye hatasimama kwa ajili yake. Nikamwambia wasiosimama ameshawahi kuwapata, ni wanangu. Hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka, alikuwa anakusikiliza mpaka mwisho halafu anarudi kwenye habari yake.

Alivyosimulia mwenyewe, yalianzia kule hifadhini, kwenye maziwa ya Momella. Ofisi fulani ya mjini ilimchukua akawapige picha wafanyakazi wao matembezini. Amewapanga kando ya maji, anawakataza kupumua, mara flamingo wote wakanyanyuka kwa pamoja, ziwa likabaki tupu. Akawaacha watu wamesimama, akageuza kamera. Aliporudi na kusafisha picha, wale flamingo walikuwa madoa. Alinionyesha. Nilidhani ni unga umemwagikia karatasi. Na wale wafanyakazi wametoka wote wanaangalia pembeni, kwa sababu na wao walikuwa wanaangalia flamingo. Studio ilianza kufa siku ile, ingawa aliifunga baadaye sana.

Basi akaanza habari za lenzi. Mimi shule niliiacha mapema, lakini kwa lenzi unaweza kuniuliza, maana nilizisikia zote. Ile ya watu ni fupi, unapiga mtu aliye mbele yako. Akaibadilisha na nyingine inayovuta mbali, akaiita ya mia tatu. Akasema ndege sasa anaonekana, lakini kama punje ya ulezi kwenye sinia. Akaipeleka mjini, akaongezea na kamera ya studio, akarudi na ya mia sita. Hiyo ilikuwa kitu kingine. Ndefu kama mzinga wa nyuki, ina mguu wake wa vyuma vitatu, na mtu akiibeba mgongoni kupanda huku unaona anatoa pole kwa mgongo wake mwenyewe. Akaisimamisha kwenye kahawa, akaangalia. Akaniambia ndege anaonekana mpaka unyoya wa shingo, ila ukimwona kwenye tundu ameshaondoka. Unageuza lile zinga, unatafuta, unaona bluu. Bluu tupu. Alipiga picha za bluu msimu mzima wa kahawa.

Hapo ndipo akaja na maneno yake, na akishapata neno jipya anakwambia kila mkikutana. Kwamba urefu wa lenzi ni tamaa, mkono ndio unaojua. Kwamba anayetaka ndege anayeruka atafute lenzi ya kuvuta na kurudisha: unaifungua pana umpate ndege, halafu ndio unamvuta. Kwamba kamera iwe ya kupiga mfululizo, kwa sababu ndege hatakurudia. Na ukiwa na fedha za kitu kimoja, nunua lenzi, kamera utaikuta mbele. Haya alikuwa akiniambia mimi, nimesimama na debe la majani ya ng'ombe.

Kuhusu mkono, alikuwa na kipimo chake. Akienda mjini kwenye maduka ya kule kwenye Mnara wa Saa, muuzaji anamtolea lenzi, anamwambia jaribu hapo, piga ukuta. Yeye ukuta hautaki. Anatoka nayo nje, muuzaji nyuma yake, anasimama kwenye ngazi, anainua kamera na lenzi yake anawaelekezea kunguru wa jalalani, halafu anaanza kuimba wimbo wa kanisani. Taratibu, beti zote, pamoja na kiitikio. Mkono ukitetemeka kabla wimbo haujaisha, lenzi hiyo si yake, anairudisha na asante. Kijana mmoja wa dukani, Mchaga wa watu mwenye adabu zake, alinyamaza ubeti wa kwanza na wa pili, wa tatu akashindwa, akamuuliza, "Mzee, huu wimbo una beti ngapi?" Akamjibu unategemea kitabu. Watu walikuwa wamejaa pale, wengine wanadhani ni mkutano wa injili, mama mmoja anaimba naye sauti ya pili.

Baadaye nilijua hali yake kwa hizo nyimbo. Mtu akienda naye mjini akarudi, namuuliza alifika ubeti wa ngapi. Wakaanza kuniambia wa tatu. Halafu wa pili. Ya mia sita akaiuza, akatafuta nyepesi, ya kuvuta na kurudisha, na kamera hizi mpya ambazo zikipiga hazitoi sauti.

Hiyo ya kutotoa sauti ilimletea matatizo. Ya mwanzo ilikuwa inapiga tatatata kama mashine ya kusaga, ibada inasimama, mchungaji anangoja imalize. Tukalalamika. Akaja na hii mpya, kimya. Sasa watu wakalalamika hafanyi kazi. Baba wa bwana harusi mmoja alimfuata madhabahuni akamwambia kwa sauti ya chini lakini tulisikia wote, kwamba amemkodi tangu asubuhi na bado hajapiga hata moja. Ikabidi awe anapiga huku anasema "cha" kwa mdomo. Mzee wa kanisa mzima, suti, tai, anazunguka na maharusi anasema cha, cha. Watu wakaridhika.

Usidhani alikuwa mtu wa kudharau kazi. Alikuwa hakosi, hachelewi, na misiba ya watu maskini alipiga bure na picha akaleta mwenyewe hadi nyumbani. Lakini ndege akipita juu, imekwisha. Tulimzika mzee mmoja hapo juu, mjane ameinama kutupa udongo, Mpiga Picha akainua lenzi mbinguni. Alikuwa tai wa msituni, yule mkubwa anayekamata mbega, anazunguka. Picha zilipokuja, tai alikuwa na nyingi kuliko marehemu. Wakamwita kwenye baraza la wazee, ambalo na yeye ni mjumbe, kwa hiyo alikaa upande wao, wakamuuliza, akasimama akajibu, akakaa tena. Alisema marehemu alikuwa hataondoka. Wakalijadili hilo wakakuta ni kweli.

Na bado hakumpata. Hiyo ndiyo ilikuwa inamla. Miaka yote hiyo hakuwa na picha hata moja ya ndege anayeruka ambayo aliikubali mwenyewe. Watu waliziona nzuri. Yeye anakuonyesha: hapa bawa limekatwa, hapa jicho limefifia, huyu amenipa mgongo. Ya tai wa mazikoni nilimwambia ni nzuri, hata makucha yanaonekana. Akasema jicho limelala. Akairudisha mfukoni.

Sasa harusi ya mwanangu. Kwa wakati ule alikuwa ameshaachia ile lenzi ya watu, anayo ile ya kuvuta na kurudisha tu, ambayo hata ukiifungua pana bado ni ndefu, na hakusema, nadhani aliona aibu. Asubuhi akajaribu hapa uani. Anarudi nyuma, anarudi nyuma, mgongo umefika kwenye banda la ng'ombe, na kwenye kamera anaona hereni. Bibi harusi mzima ni hereni moja. Akafikiri, akafunga begi, akaondoka. Tukajua amesusa. Kumbe ameshuka korongoni, amevuka, amepanda, na tunamwona anatokea kule kwao kwenye kahawa anatupungia mkono tujipange.

Atatupangaje kutoka kule? Akampigia simu emsii. Emsii akaweka simu sikioni na kipaza sauti mdomoni. "Mpiga Picha anasema shangazi mwenye kitenge cha njano asogee kushoto. Anasema si huyo. Anasema shangazi mnene." Vipaza sauti vya harusi, wewe unavijua, walisikia mpaka hospitalini. "Anasema baba mzazi afunge kifungo cha chini. Anasema msipumue." Ukoo wa bibi harusi walikuwa wageni kutoka Ngaramtoni, watu wamekaa kwa heshima, wakauliza mpiga picha yuko wapi. Wakaonyeshwa mlima.

Picha zikawa nzuri. Lazima niseme. Kila mtu alichoka kumtafuta yuko wapi, akaacha kusimama vizuri, akaanza kula. Ndizo picha pekee za Mpiga Picha ambazo watu wanapumua. Nikamwambia basi na mimi nipige hivyo hivyo kutoka kwako. Akasema picha ya jeneza si ya kupigwa na mtu aliye mbali, ni ya karibu, mtu amekaa, ametulia, na ngoja apate tena ile fupi. Alikuwa na msimamo kwenye mambo yasiyokuwa yake.

Akaanza kutetemeka mkono wa kulia. Kwanza akikushika mkono unahisi, baadaye unaona kikombe. Miguu nayo ikagoma kushuka korongo. Mimi nikahesabu nikaona tunashindana, ama mkono wake utangulie ama mimi, na nikaanza kulala vibaya. Mjukuu wangu Ndeshi, anayekaa na mimi, akasema twende mjini Bibi, kuna vijana wanakupiga kwa dakika, wanakuvalisha hadi suti kwa kompyuta na mikunjo wanaitoa. Nikamuuliza mikunjo wataipeleka wapi. Elia naye, baba yake, alipenda hiyo ya suti.

Siku moja simu ya Ndeshi ikaita, ni yeye kutoka ng'ambo. Akasema nivae, nikae mbele ya jiko langu, mwanga ni mzuri, ile fupi haitapatikana tena kwa hiyo atanipiga kwa iliyopo, kutoka kwake. Hakueleza zaidi. Kutoka kwake, mtu yule, ni sawa na kupiga magoti.

Nikavaa sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, na kitenge begani. Nikakaa kwenye kiti. Ndeshi akashika simu karibu na sikio langu. Nilimwona kule, ameegemeza lenzi kwenye mti wa kukingia mgomba kwa sababu ya ule mkono. Akaniambia shusha bega. Akaniambia usitikisike. Nikatulia kama nimeshakufa tayari.

Mwewe akaja.

Nilikuwa na vifaranga hapo uani, wadogo bado. Alishuka kutoka juu ya jiko, sikufikiri, nilinyanyuka. Simu ikaenda kule, kiti kikaenda kule. Nilikuwa nimeshika kitenge cha bega kwa mikono miwili nakipepea, napiga kelele ambazo mama wa kanisa hapigi. Mwewe akakosa, akaondoka. Nikatafuta kiatu nikakikuta juu ya banda. Nikamwambia Ndeshi, imeharibika.

Jioni hiyo hakupiga simu, wala kesho yake. Tukazunguka kwa njia ya darajani, mimi na Ndeshi, taratibu, tukamkuta amekaa kibarazani, kamera iko mapajani. Ndeshi akamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Mama Elia," akaniambia, "umenizibia mwewe."

Nikakaa. Akaeleza kwa hasira ya mtu mpole. Kamera hizi za sasa zinatafuta jicho zenyewe. Unaiambia unataka ndege, inatafuta jicho la ndege, unaiambia mtu, inatafuta la mtu. Yeye aliiambia mtu, kwa sababu alikuwa na mimi. Mwewe aliposhuka, yeye akamfuata kwa lenzi, mkono ukatulia, hajui kwa nini, ulitulia kama zamani, akapiga mfululizo, akajua leo amempata. Kamera ikamwacha mwewe ikanishika mimi.

Akatuonyesha. Mwewe ni moshi, bawa limekatwa. Mimi niko hewani. Miguu yote miwili, wewe, hakuna hata mmoja ulio chini. Kiatu kiko peke yake juu ya kichwa changu. Kitenge kimefunguka huku na huku, mdomo wazi, mapengo yote, na jicho ungehesabu kope. Ndeshi alicheka mpaka akakaa chini. Mpiga Picha hakucheka. Aliivuta ikawa kubwa, akaenda kwenye jicho, akaenda kwenye ncha ya kitenge huku, akaenda kwenye ncha ya kule, nikaona anatafuta kosa. Alitafuta muda mrefu, na hakunionyesha hata moja. Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka tena, picha inaruka ruka kwenye kile kioo.

Akaizima. Akasema njoo wiki ijayo, nitakupiga umekaa.

Nikamwambia hapana, nataka hiyo.

"Hii haiwezi kwenda mbele ya jeneza. Mdomo uko wazi."

"Nimeishi nao wazi."

Akaniangalia, akaangalia kule ng'ambo kwenye jiko langu. Halafu akauliza kama kifaranga kilipona. Nikamwambia wote walipona. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa mzigo wake ukiwa kamili, akamwambia Ndeshi alete simu, akamhamishia picha ile moja, siyo zile nyingine. Hakuja kunipiga nimekaa. Wiki hiyo alilazwa, na hakurudi kwake.

Elia ameiona, haitaki. Anasema watu watadhani familia inafanya mzaha. Yeye na ndugu zake wakaleta wazo, eti ikatwe, kibaki kichwa tu, na mdomo vijana wa mjini wanaweza kuufunga. Ndeshi alikuwa anamenya ndizi hapo unapokaa wewe, akaacha baba yake aondoke, akaweka kisu chini.

"Bibi," akasema, "haitakatwa. Nitaibeba mimi mbele, na miguu itaonekana yote miwili, na watu wakicheka makaburini nitawaacha wacheke."